Omu Ishirini na Tatu

Mama Gakiza, jirani wa ukuta mmoja wa Mzee Ntahomvukiye, alisema waya ulianza kulia kama nyoka aliyekanyagwa. Alisema ulilia asubuhi nzima, na marehemu Djamila akausikia, akadhani ni panya. Halafu moto ukatoka ukutani kama ulimi, pale pale mzee huyo alipopigilia misumari yake ya kushikia waya, ukalamba pazia, ukalamba magunia, ukamfikia Djamila amejilaza nyuma ya pazia baada ya sala ya adhuhuri. "Hata misumari ilikuwa myekundu," alisema Mama Gakiza. "Mtu angewashia sigara."

Yeye mwenyewe hakuwa Chinsapo, mtaa wa Lilongwe ulikotokea moto, siku hiyo. Alikuwa hapa hapa kambini Dzaleka kwenye foleni ya unga, na Capitoline, binti wa huyo mzee, alikuwa nyuma yake kwa watu wawili. Habari alizipata kwa Arakaza, Mrundi mwenzao aliyeuza nguo za mitumba kule Lilongwe, mlango wa pili kutoka duka la chai la Tambwe na mkewe Djamila. Arakaza aliona, au alisema ameona. Lakini hadithi haitoki mdomoni kama ilivyoingia. Wiki ya kwanza waya ulinuka tu. Wiki ya tatu ukaanza kulia. Sasa arobaini ya marehemu ilikuwa imekaribia, na waya ulikuwa na sauti, ulimi na misumari myekundu, na kila ulipoongezewa kiungo, mzee aliyeufunga aliongezewa kosa.

Capitoline aliyajua hayo yote bila kuuliza. Alikuwa msichana wa maneno machache, aliyezoea kungoja zamu yake na kutazama. Kwenye mjigo, kisima cha pampu cha kambi, wanawake walipobadilishana kusukuma pampu, aliona jinsi ndoo zilivyosogezwa akifika, na alikijua kikohozi cha Mama Gakiza, kile cha kubadilishia mazungumzo.

"Capito," Mama Gakiza alimwita asubuhi moja ya Jumatano, kwa sauti ya huruma inayosikika mbali. "Papa ameamkaje?"

"Ameamka salama, mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Mungu asifiwe. Umwambie redio ya mzee wangu imekufa. Lakini asije! Iache ikae bubu. Redio bubu ni afadhali kuliko nyumba majivu."

Wanawake wawili wakacheka, mmoja akauficha uso ndani ya kitenge. Capitoline akaishika mishikio ya pampu, akasukuma mpaka ndoo ikajaa, akajitwika, akaondoka. Baridi ya Juni ilikuwa inashuka kutoka vilimani na upepo wake wa vumbi. Maji yaliyomwagika begani hayakukauka mpaka alipofika nyumbani.

Hakuwa amesema kweli. Baba yake hakuwa anakula. Alimega matonge mawili ya nsima, ule ugali wa Malawi, akanawa, akarudi kukaa kwenye kigogo mlangoni, akiitazama mikono yake kama vitu alivyoazimwa. Alikuwa mtu wa umeme miaka kumi na tisa katika kiwanda cha mafuta ya mawese, Rumonge, kule Burundi, mpaka vita ilipowatoa. Hapa kambini alitengeneza redio, na mara moja moja mtu wa Lilongwe alimwita kimyakimya kufunga taa mbili tatu, nyumba ya Area 18 au duka la Chinsapo. Kwa Tambwe alifunga taa moja na mahali pa kuchomeka resho, lile jiko dogo la umeme ambalo Djamila alichemshia chai ya wateja. Aliifanya kazi hiyo mwaka jana, kwa siku mbili, na Djamila alimpikia wali wa nazi.

Djamila aliishi siku nne hospitalini. Siku ya tano ndiyo wakamzika.

"Jumamosi viongozi wa kambi wanakaa juu ya ule moto," mzee alisema jioni ile ya Jumatano, bila kugeuka. "Tambwe atakuja. Nitasimama mbele yake."

"Utasema nini, Papa?"

"Nitasema ni mimi. Mkono wangu umeua mtu."

Capitoline aliweka chini kata ya maji. "Unajua kwa hakika?"

"Nilihesabu vizuri. Hiyo njo inanisumbua." Akainua kidole, akaandika hewani. "Resho ya wati elfu moja. Umeme wa volti mia mbili thelathini. Gawanya, ni ampea nne na kidogo. Nikaweka waya wa kubeba ampea sita. Nikaweka fyuzi ya ampea tano, ili kitu kikizidi ikatike kabla waya haujaungua. Hesabu ni safi. Na nyumba imeungua. Kama hesabu ni safi na nyumba imeungua, basi kosa liko mkononi. Labda waya ulikuwa na jeraha, sikuliona. Macho yangu si yale ya Rumonge."

"Papa, wewe ulinifundisha: usimwulize mtu waya umekosa nini, uulize waya wenyewe."

"Waya umeungua, mwanangu. Maiti haijibu."

Mzee aliingia ndani, akajinyoosha kwenye mkeka. Capitoline alikaa macho kidogo akimsikiliza. Mtu akishasema neno kama lile kwa kinywa chake, tena mbele ya watu, hakuna wa kulifuta. Angeitwa muuaji mpaka siku ya kuzikwa kwake, na kwa namna alivyokuwa anakula, siku hiyo haikuwa mbali. Zilibaki siku mbili, Alhamisi na Ijumaa.

Hesabu hiyo Capitoline aliijua tangu utotoni. Rumonge, mwalimu wa darasa la pili alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kamba kwenye dawati ili aandike kwa kulia kama Wakristo wenzake. Siku moja baba yake alitoka kiwandani na ovaroli yake yenye mafuta, akaingia darasani, akaifungua ile kamba mwenyewe. "Mwalimu," alisema, "mkono huu haujaiba kitu." Tangu hapo alimfundisha vitu vya mkono huo. Alimchorea pembetatu ukutani kwa mkaa: juu V ya volti, chini I ya ampea na R ya ukinzani, ule ugumu wa waya wa kuzuia umeme usipite, unaopimwa kwa omu. "Funika unachokitafuta," alimwambia, "kinachobaki kitakupa jibu." Ukifunika R, unabaki na V juu ya I: gawanya. Ukitaka wati, yaani nguvu, zidisha volti kwa ampea. Alimfundisha pia kuunga waya. Fundo la baba lilizunguka kuelekea kulia. La Capitoline lilikwenda kushoto, likaishia na ncha iliyokunjwa ndani kama mkia wa mbwa mwoga. Mzee alicheka sana. "Hata mkinifumba macho," alisema, "nikiligusa hili nitajua limefungwa na nani."

Darasa la sita ndilo lililokuwa mwisho wa shule yake. Pembetatu haikumtoka.

Alhamisi alfajiri alimwambia baba yake anakwenda Dowa kutafuta sabuni. Akapanda matola, gari la mizigo linalobeba abiria, mpaka barabara kubwa, akabadilisha gari, na kabla ya saa tano alikuwa anapita katikati ya vibanda vya Chinsapo, kati ya marundo ya viazi na viatu vya mtumba, kuelekea mahali anapopajua. Alikwisha kukaa pale majuma mawili wakati wa mvua, Djamila alipougua malaria na Tambwe akawa safarini na biashara yake ya vitenge. Alimchemshia chai, alifagia, alihudumia wateja, hata resho iliponuna aliibembeleza.

Tambwe alikuwa ameketi nje kwenye benchi la wateja, kofia yake nyeupe kichwani, mlango wa duka umeegemezwa tu. Alikuwa mtu wa Kindu, kule Kongo, mnene zamani. Sasa shati lilimning'inia. Capitoline alipiga goti kidogo.

"Hodi, Papa Tambwe."

"Capitoline? Njo weye?"

"Ndiyo mimi, Papa. Pole sana. Sikuweza kuja kwenye maziko."

"Pole ni ya Mungu. Ikala hapa." Akasogea. Walikaa. Mwuza nyanya ng'ambo ya njia aliacha kupanga nyanya zake, akawatazama. "Papa yako anasema nini?"

"Hasemi kitu."

"Hata miye sisemi. Batu njo banasema." Akafikicha macho kwa kiganja. "Banakuja hapa kila siku, Tambwe fanya hivi, Tambwe mshitaki, Tambwe usikubali. Mi ninaitika tu. Ninachoka, mtoto. Jumamosi nitaenda kule kwenu, nisikie moja, nirudi nilale."

Capitoline alingoja mpaka yule wa nyanya alipopata mteja. "Papa Tambwe, naomba kuona fyuzi."

"Fyuzi? Ah! Ile kitu ilitutesa. Tangu karibu na Pasaka yenu ilikuwa inakatika, inakatika. Djamila anaweka maji, paf! Giza. Tunatia nyingine, paf! Arakaza akaniambia, weye Tambwe unateseka bure, ngoja nikusaidie. Akatia waya ya nene. Haikukatika tena hata siku moja." Alilisema kama mtu anayesifu wema wa jirani.

Capitoline aliinuka. Aliingia ndani. Ukuta ulikuwa mweusi mpaka darini, na harufu ilikuwa bado ipo, ya plastiki na ya kitu kingine alichokataa kukifikiria. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa mlangoni, mbali na moto, nusu kimeyeyuka. Alikivuta kifuniko. Mahali baba yake alipoweka uzi mwembamba kama unywele, palikuwa na shaba iliyosokotwa, nene kama njiti ya kiberiti. Waya ule ungeweza kupitisha umeme wa nyumba tano bila hata kupata joto. Akauchomoa, akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Nje uani, karibu na majivu, resho ilikuwa imetupwa kifudifudi. Aliigeuza. Ukingoni palisomeka bado: volti 230, wati 1000. Sahani yake ya udongo ilikuwa na ufa mmoja, na katika njia yake ya mzunguko, chini ya masizi, koili, ule waya wa kusokotwa unaotoa joto, ililala kama nyoka mdogo, imeijaza njia yote tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ndiyo koili mpya, Papa? Dada Djamila alisema utamletea mpya kutoka Area 18."

"Mambo ya jikoni alijua mwenyewe. Mi nilikuwa njiani siku zote." Hakugeuka. "Unataka kuibeba?"

"Kama unaniruhusu."

"Beba. Mi sitaki kuiona tena na macho."

Aliichomoa koili kwenye njia yake polepole isivunjike, akaikunja ndani ya gazeti. Alipoaga, Tambwe alimshika mkono. "Djamila alikupenda," alisema. "Alisema, huyu mtoto anafanya kazi bila kelele."

Ijumaa baba yake alikwenda kuokota kuni. Capitoline alibisha mlango wa pili.

"Naomba betri ya redio yenu, mama. Nitairudisha sasa hivi."

Mama Gakiza alimpima kwa macho kutoka utosini mpaka vidoleni. "Betri? Munataka kuwasha nini tena?"

"Siwashi kitu. Napima."

"Unapima! Eh, ukoo wa umeme! Haya, chukua, iko pale inalala bure na redio yake. Lakini nikiona moshi, Capito, nitapiga yowe mpaka Dowa Boma wasikie."

Ilikuwa betri ya gari; aliibeba mikononi kama mtoto mzito. Ndani alifunga mlango, akaacha dirisha, akatoa kutoka kwenye kopo la biskuti kipimo cha baba yake, chenye sindano inayocheza nyuma ya kioo. Upande wa kupimia omu ulikuwa umekufa tangu Rumonge. Volti na ampea vilikuwa hai. Hivyo viwili vilitosha. Kama unajua umeme unasukumwa kwa nguvu gani, na unaona ni kiasi gani kinapita, ugumu wa njia hauwezi kujificha.

Kwanza betri peke yake. Sindano ikapanda, ikatulia: volti kumi na moja na nusu. Betri iliyochoka, lakini mkweli. Kisha akafunga koili, ncha moja huku, ncha nyingine kule, na kipimo katikati ili umeme wote upitie ndani yake. Sindano ikatikisika, ikasimama kwenye nusu.

Nusu ampea.

Alisimama mbele ya ukuta na kipande cha mkaa, akachora pembetatu, akafunika R kwa kidole gumba. Kumi na moja na nusu, gawanya kwa nusu. Ishirini na tatu.

Alirudia kupima. Ishirini na tatu tena.

Resho ya wati elfu moja inapaswa kuwa na omu hamsini na tatu hivi. Hilo alilipata kwa kugawanya volti mia mbili thelathini kwa zile ampea nne na kidogo. Hii ilikuwa na ishirini na tatu. Ugumu ulikuwa umepungua zaidi ya nusu, na ugumu ukipungua umeme unapita kwa kukimbia, kama ng'ombe ukiwafungulia zizi. Aliandika: mia mbili thelathini gawanya kwa ishirini na tatu. Kumi. Ampea kumi, kwenye waya wa ampea sita! Mara volti: wati elfu mbili na mia tatu. Djamila alikuwa anachemshia chai resho mbili na zaidi ndani ya resho moja, na waya uliokuwa nyuma ya pazia ulikuwa unapikwa nayo kila siku, tangu asubuhi mpaka jioni.

Na fyuzi ya baba ililiona hilo. Ilikatika, ikakatika, ikakatika. Ilikuwa inasema kwa lugha yake yote iliyokuwa nayo. Arakaza ndiye aliyeifumba kinywa.

Capitoline alikaa chini kwenye mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kifua chake kilipata nafasi. Mkono wa baba ulikuwa safi. Kesho viongozi wangeona namba hizi ukutani, wangeona ile shaba nene, na Mama Gakiza angetafuta waya mwingine wa kuufanya ulie.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja kidogo. Nusu nyingine ya koili ilikwenda wapi? Koili mpya haitoki dukani na omu ishirini na tatu. Na njia ilikuwa imejaa.

Aliichukua tena, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Mizunguko yake ilikuwa imeachana mno. Ilikuwa imevutwa. Koili fupi ukiivuta inajaza njia, na mtu akiitazama anasema ni nzima; lakini kuvuta hakurudishi hata omu moja. Ilikuwa ile ile ya zamani. Akaisugua kwa jivu na kitambaa chenye maji. Masizi yakatoka. Fundo la kwanza lilijitokeza, la hovyo, limesokotwa kwa meno au koleo butu, kuelekea kulia. Karibu yake la pili, la mtu yule yule. Hayo yalikuwa ya Djamila. Kila resho ya Chinsapo ina mafundo kama hayo.

La tatu lilikuwa katikati. Lilikuwa nadhifu. Lilizunguka kuelekea kushoto, na ncha yake ilikunjwa ndani.

Kitambaa kilimwanguka.

Lilikuwa juma moja kabla ya Pasaka, mvua inapiga bati. Djamila alikuwa ndani ya blanketi mbili anatetemeka, wateja sita wanangoja chai, na resho ikafa. Capitoline aliifungua. Sehemu kubwa ya koili ilikuwa imeungua, inavunjika vidoleni kama mifupa ya dagaa. Akaikata, akaitupa. Akaunga kilichobaki, akakivuta taratibu, mkono kwa mkono, mpaka njia ikajaa. Alipoichomeka, koili ilitoka weusi ikaingia wekundu, ikapita wekundu ikawa ya manjano, na maji yakaanza kuruka kabla hajapanga vikombe.

"Eee!" Djamila alisema kutoka ndani ya blanketi, akicheka na kukohoa. "Mikono yako iko na baraka, mtoto! Resho ya mpya haichemshi hivi!"

"Ni ya siku mbili tatu tu, dada. Mwambie Papa Tambwe alete koili nyingine."

"Nitamwambia."

Kwa nini amwambie? Chai ilikuwa inaiva mbio. Siku mbili tatu zikawa miezi miwili. Hesabu ilikuwa kichwani mwa Capitoline siku ile kama ilivyokuwa leo, pembetatu yote na herufi zake, na hakuitumia. Njia ilikuwa imejaa, maji yalikuwa yamechemka, na mgonjwa alikuwa amecheka.

Alisikia mzigo wa kuni ukitupwa mlangoni. Hakuwa na muda wa kufuta ukuta. Aliikunja koili ndani ya pindo la kitenge, juu ya mapaja, akaweka mkono juu yake.

Mzee aliingia akipangusa shingo, akaona betri, akaona kipimo, akataka kusema kitu. Kisha akauona ukuta. Alisimama. Kidole chake kilikwenda kwenye namba ya kwanza, kikafuata mstari kama kipofu anayesoma uso wa mtu.

"Kumi na moja na nusu. Ni nini hii?"

"Betri ya Mama Gakiza."

"Na nusu?"

"Ampea. Ni koili ya resho ya dada Djamila. Jana sikwenda Dowa, Papa. Nisamehe. Nilikwenda kwa Tambwe."

Hakumgombeza. Alikuwa tayari amefika mstari wa pili. "Ishirini na tatu," alisema. "Ishirini na tatu?" Akachukua mkaa, akafanya hesabu upya pembeni, kwa mwandiko wake wa kiwandani, akarudia mara mbili. Alipofika kwenye wati elfu mbili na mia tatu aliuegemea ukuta kwa kiganja. Capitoline akampa ile shaba iliyosokotwa. Mzee aliigeuzageuza kwenye mwanga.

"Nani alitia uchafu huu?"

"Arakaza. Fyuzi yako ilikuwa inakatika kila mara."

"Ilikatika!" Sauti yake ilipasuka. "Ilikatika, Capito. Unasikia? Ilifanya kazi yake!" Na machozi yakamtoka, ya mtu mzima, bila kelele, yakishuka kwenye ndevu za wiki sita. Alikaa kwenye kigogo. Akaomba maji, akanywa kata nzima. Akauliza kama kuna chakula kilichobaki. Capitoline alimsogezea sahani kwa mkono mmoja, na mzee akala, tonge baada ya tonge, macho yakiwa ukutani.

Alipokuwa analamba vidole, paji lake la uso lilianza kukunjana. Alilijua kunjo hilo. Lilikuwa la kazi.

"Lakini fyuzi haikatiki bure," alisema. "Kuna aliyeipunguza koili. Arakaza alifumba mdomo tu. Kelele ilianza kabla yake. Ilianza kukatika lini?"

"Karibu na Pasaka."

"Karibu na Pasaka." Alitikisa kichwa, anahesabu miezi. "Basi karibu na Pasaka mtu alikata zaidi ya nusu yake, akaunga kilichobaki, akaivuta, akamdanganya mwanamke yule kwamba ni nzima. Tena alikuwa mtu anayejua kidogo. Asiyejua kabisa asingeweza." Alinawa mikono, akaipangusa polepole kwenye suruali. "Kesho sitasimama kusema ni mimi. Nitasimama na hesabu hii. Tambwe ni mtu wa kusikia. Ila wataniuliza, mzee, kama si wewe ni nani? Na hapo maneno matupu hayatafaa. Lazima wamwone mtu mwenyewe."

Ng'ambo ya ukuta Mama Gakiza alikohoa. Halafu kukawa kimya, kimya cha mtu aliyeweka sikio.

Mzee hakujali. Alisogeza kigogo karibu na dirisha, mahali penye mwanga, akaketi, akanyoosha kiganja chake mbele ya binti yake. Kilikuwa na alama za kuungua za Rumonge, nyeupe, moja kila kidole.

"Nipe koili, mwanangu," alisema. "Nilione fundo."

Chini ya mkono wake wa kushoto Capitoline aliusikia waya ukimchoma kupitia kitenge, mwembamba na baridi. Betri ilikuwa bado katikati yao. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

"Capito. Nipe."